Udongo wa Chungu, Udongo wa Shamba

Kila aliyewahi kufika Usifuni ana njia yake ya kusimulia, na hakuna njia mbili zinazofanana. Basi njia tuwaachie wanaopenda habari za njia, sisi tuanze pale Sekela alipokuwa amekwisha fika, mwanawe Tusa mgongoni, vumbi hadi kwenye nyusi, amesimama mbele ya mawe mawili makubwa yaliyopakwa chokaa yakawa meupe kama meno.

Sekela alikuwa mkulima wa milimani, mwenye ekari moja na nusu ya mahindi yasiyomtii. Mchana alilima. Jioni, kwa miaka miwili, alibana magoti chini ya dawati la watoto katika darasa la watu wazima, akasoma habari za udongo na mbolea kwa bwana shamba aliyefundisha huku anasinzia. Humo ndimo alimopata hamu ya kuona watu wengine wanaoishi juu ya ardhi ngumu wanafanyaje. Na sifa za Usifuni zilikuwa zimemfikia: kwamba huko kila shamba hupimwa udongo wake kila mwaka, bila kukosa, kwa amri ya sheria. Alipolisikia hilo alijiambia, hao ndio watu wa kwenda kujifunza kwao.

Kwenye mawe yale palikuwa na ofisa mwenye ndoo na brashi. Hakumuuliza ametoka wapi wala anakwenda kwa nani.

"Linang'aa?" alimuuliza.

"Nini, mheshimiwa?"

"Shamba lako, mgeni. Linang'aa?"

"Kwa kweli haliko vizuri sana. Mwaka jana nilipata magunia manne tu."

Ofisa akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyemwona mwenzake kadondosha kanga sokoni. "Hapa watu husema, 'Lang'aa kulishinda jua,'" alimnong'oneza. "Sema hivyo, upite. Usinitie matatani, dada yangu, nina mawe thelathini ya kupaka kabla ya mchana."

Sekela akasema hivyo, akapita.

Baadaye aliambiwa kwamba yule alikuwa mtumishi wa Idara ya Weupe, idara kubwa kuliko zote nchini. Kazi yake ni kupaka chokaa mawe ya njiani, mashina ya miti, na kuta za ukumbi wa Baraza. Chokaa hutoka katika ghala refu nyuma ya ukumbi, na juu ya mlango wa ghala pameandikwa kwa herufi za kale: DAWA YA UDONGO MGONJWA. Sekela aliuliza udongo mgonjwa hupelekewa lini dawa hiyo. Akajibiwa kwamba Usifuni haijawahi kuwa na udongo mgonjwa tangu kuandikwa kwa vitabu, ndiyo maana chokaa ikatafutiwa kazi nyingine isije ikalala bure.

Alipata pa kulala kwa mama kijana aitwaye Sikitu, mjane, aliyeishi na mama mkwe wake, Bi Ndelwa, na binti yake wa miaka mitatu, Semeni. Nyumba ilikuwa safi, maneno yalikuwa mazuri, chakula kilikuwa kidogo. Uji uliletwa mwepesi hata Sekela aliona chini ya bakuli ua lililochorwa. Semeni alimaliza wake, akalamba ua, akamtazama Tusa, aliyekuwa akinyonya, kwa jicho ambalo mama yeyote analijua. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa za rangi ya kutu, nyepesi kama nyuzi za hindi.

Mbele ya mlango, chini ya kijipaa chake chenyewe cha nyasi, palikuwa na chungu kikubwa cha udongo uliochomwa, kimo cha mtu aliyechuchumaa. Ndani mlikuwa na udongo mweusi, laini, wenye harufu nzuri ya mvua ya kwanza. Sekela hakuweza kujizuia, akaingiza kidole. Kikazama hadi kwenye pete.

"Ee, mama Tusa!" Bi Ndelwa alimwita kwa sauti ya kicheko chenye onyo. "Kwenu mnashika vyungu vya watu hata kabla ya kuoga?"

"Nisamehe, mama. Sijaona udongo kama huu maishani mwangu."

Bi Ndelwa alilainika papo hapo. "Huuoni kwingine. Hiki nimekuja nacho siku ya harusi, nimeketi nacho miaka sitini. Waimbaji walikitungia beti nne. Bibi harusi mwenzangu alitungiwa mbili, na moja walikuwa wanamwonea huruma."

Hapo ndipo Sekela alipoanza kuelewa jinsi nchi ile ilivyopangwa.

Kila nyumba ya Usifuni ilikuwa na chungu cha kipimo. Samadi ya ng'ombe wa nyumbani iliwekwa humo, yote. Majivu ya jikoni, humo. Maganda ya viazi, majani ya maharage, maji yaliyooshea samaki, humo. Ng'ombe alifungwa kamba fupi karibu na chungu ili asipoteze kitu njiani. Jua likiwa kali chungu kilifunikwa kwa mkeka, mvua ikiwa kubwa kiliinuliwa na wanaume wanne. Wazee walikivulia kofia. Kupanda kitu ndani yake kulikatazwa, hata mche mmoja wa mboga, maana mmea ungekula nguvu ya udongo kabla ya siku ya kupimwa. Na siku hiyo ikifika, iitwayo Siku ya Konzi, mwenye nyumba huchota konzi moja kutoka chunguni, akaitia kwenye kibuyu chenye kifuniko, akaipeleka mbele ya Baraza. Huko hupimwa kwa kipimo cha kweli, na majibu husomwa kwa sauti, na nyumba hukalishwa kwenye mabenchi kwa kufuata majibu.

"Na shambani mnaweka nini?" Sekela aliuliza.

Sikitu na mama mkwe wake wakatazamana. Halikuwa swali la adabu. Usifuni, mashamba yalizungushiwa ua wa matete mrefu kuliko mtu, na kuchungulia shamba la mwenzako kulikuwa kosa kama kuchungulia bafu lake.

"Shambani tunaweka mbegu," alijibu Bi Ndelwa. "Na jembe. Na jasho. Kwani kwenu mnaweka nini, pilau?"

Sekela akacheka kwa heshima. Lakini ule uji wenye ua chini ulimkaa moyoni.

*

Siku tatu alizunguka mji akiuliza, na watu walimjibu bila kuficha, kwa kuwa hawakuona cha kuficha. Kwamba mavuno ni mabaya kila mtu alilijua. Mikanda yote ya Usifuni ilikuwa na matundu mapya yaliyotobolewa kwa msumari. Kilichobishaniwa ni sababu. Baraza lilikuwa limetoa sababu kumi na moja kwa miaka kumi na moja, na kila moja ilifuatwa na sheria. Mwaka mmoja mbegu zilisemekana kuona haya, zikapandwa macho yamefumbwa. Mwaka mwingine iligundulika kwamba majembe yalinolewa kwa kuelekea upande usiofaa. Mwaka uliopita lawama iliwaangukia wanawake kwa kuimba wimbo wa palizi nusu sauti chini ya inavyotakiwa, na mwalimu wa kuimba aliajiriwa, mtu mpole, ambaye naye alikuwa amekonda.

Udongo haukuwahi kutajwa. Ungetajwaje? Ukutani mwa ukumbi paliandikwa kwa rangi ya mafuta: MASHAMBA YOTE NI MANONO, MIA KWA MIA.

Na kwa sababu udongo ni mnono, mtu asiyevuna ana lipi la kujitetea? Ndiyo ikatungwa Sheria ya Mavuno Matatu. Anayelima shamba nono akakosa mavuno mara tatu mfululizo anaandikwa mvivu. Shamba hupewa nyumba nyingine. Mwanamke aliyeolewa hapo hurudishwa kwao, na watoto hubaki na jina la nyumba.

Haya ya mwisho aliyapata kwa Sikitu mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, wanawake wawili wanachambua mbegu zilizobaki, Semeni amelala mapajani mwa mama yake saa ambayo watoto wengine wanakimbizana.

"Mimi nimekosa mara mbili," Sikitu alisema. Alisema kama mtu anayetaja bei. "Hii ni ya tatu."

Sekela aliacha kuchambua. "Nionyeshe shamba, mama Semeni."

"Mgeni kuona shamba!"

"Mimi na wewe tu. Tukikutwa, sema nilipotea nikitafuta choo."

Waliingia kupitia pengo la ua, Semeni ameshikwa mkono. Sekela aliinama, akapapasa chini. Udongo ulikuwa wa rangi ya ganda la ndizi lililokauka, umepasuka juu, mgumu chini. Mabua ya msimu uliopita yalisimama kama vijiti vya kuchokolea meno, na majani machache yaliyobaki yalikuwa na rangi ya zambarau pembezoni. Alilishika bua moja, akaling'oa kwa mizizi. Lilitoka bila kubisha. Mizizi yake ilikuwa mifupi, minene, imekunjamana, kama vidole vilivyogusa moto vikarudi.

"Tazama," alimwambia. "Ilishuka kidogo, ikakutana na kitu, ikageuka. Udongo wako ni mchachu, dada. Hata ukiweka chakula, mmea hauwezi kula. Ninavyoona mimi, lakini macho si kipimo. Nyinyi mnacho kipimo kizuri, mnakipelekea chungu."

Sikitu aliuchukua ule mzizi, akaugeuzageuza. "Miaka miwili naamka kabla ya jogoo," alisema taratibu. "Nimelima hili mara tatu kwa msimu mmoja. Nikajiambia, Sikitu, kumbe kweli wewe mvivu, ila uvivu wako umejificha mahali usipopaona."

Sekela alimpangusa vumbi begani, kwa kuwa mkono ulitaka kufanya kitu.

"Kwenu hakuna ujinga huu," Sikitu alisema.

"Kwetu hatuna vyungu." Sekela alisita. Hakuwahi kumweleza mtu jambo hili. "Lakini shamba langu lina mistari sita kando ya barabara. Samadi yote ya ng'ombe wangu mmoja huishia pale. Watu wakipita wanasema, lo, mama Tusa analima! Kule nyuma nani anaona?"

"Na hiyo mistari sita unakula muda gani?"

"Wiki mbili. Tukibana."

Wakacheka hadi Tusa akaamka mgongoni. Kicheko kilipokwisha, Sikitu aliuliza kwa sauti nyingine, "Na nikipeleka wa shambani?"

"Nini kitatokea?"

"Sijui. Hajawahi mtu." Alifikiri. "Sheria ipo. Inasema udongo ukionekana mgonjwa, dawa itolewe, na mavuno mabaya yasihesabiwe. Tuliikariri shuleni pamoja na majina ya wanyama wasiokuwepo tena. Lakini jina la shamba si langu, ni la mama. Akisema udongo ule si wake, mimi ni mwongo, na mwongo hafikishwi msimu wa tatu. Anaondoka siku hiyohiyo." Alimtazama Semeni, aliyekuwa ameketi kwenye tuta akijaribu kutafuna ubua. "Bila huyu."

"Basi mwambie mama kwanza."

"Umeona anavyokifuta kile chungu asubuhi? Nitamwambia nini?"

Hata hivyo walichota. Sekela alimwonyesha kama alivyoonyeshwa darasani: wakatembea shamba zima kwa kupindapinda, wakachimba mahali kumi na pawili, kina cha shibiri, wakaacha pembeni pale ng'ombe walipowahi kulala na pale penye kichuguu, maana hapo pangewadanganya. Wakachanganya vyote kwenye ndoo safi, wakaanika kivulini chini ya kitanda, wakachota konzi moja. Ilikuwa konzi ya vumbi lisilopendeza. Sikitu aliitia kwenye kibuyu, akafunga kifuniko, akakaa akikitazama.

*

Siku ya Konzi ukumbi ulijaa. Mbele palikuwa na meza, na nyuma ya meza Mzee wa Kiti na washauri wake watatu, na pembeni, peke yake na vyombo vyake, Mpimaji Mkuu Kihombo, bwana mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kwa kila nyumba alitia udongo kidogo katika kikombe cha kioo, akaongeza maji safi, akakoroga kwa idadi ileile, akachovya kikaratasi cha njano, akakiinua. Kikaratasi kikawa kijani. Watu wakapiga makofi.

Sekela, aliyesimama nyuma na mwanawe, aliona kwamba kazi ilifanywa kwa uangalifu mkubwa. Hakuwahi kuona mtu akiosha kikombe vizuri namna ile. Kipimo kilikuwa cha kweli kabisa. Nyumba arobaini, vikaratasi arobaini, vyote kijani.

"Nyumba ya Bi Ndelwa!"

Bi Ndelwa alikuwa kwenye benchi la mbele, kitambaa kipya kichwani. Sikitu akapeleka kibuyu. Kihombo alipofungua kifuniko, vumbi la kahawia lilipanda likaonekana na ukumbi mzima. Mtu akaguna. Kihombo alisita, kisha kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mazoea kuliko yeye, akatia, akaongeza maji, akakoroga, akachovya.

Kikaratasi kikawa rangi ya chungwa bivu, kisha kikazidi, kikaelekea wekundu.

Kihombo alikiweka kwenye mwanga wa dirisha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kinabadilika," alisema, na hakuwa akimwambia mtu. "Miaka ishirini na miwili. Nilifikiri labda maji tu ndiyo yanayokifanya kijani. Kinabadilika, jamani!"

"Mpimaji, tafadhali," alisema Mzee wa Kiti. "Hiki ni nini?"

"Ugonjwa, mheshimiwa. Uchachu mkali."

Ukumbi ukachafuka. Mshauri wa kwanza alisema udongo ule haukuvaa vizuri. Uliletwa bila kulishwa, ni dharau kwa Baraza. Wa pili alisema maandishi ya ukutani ni mia kwa mia, yakibadilika yatahitaji kupakwa upya, na Idara ya Weupe haina kibali. Wa tatu, aliyeheshimiwa kwa kina cha mawazo, alisema, "Udongo wa shambani ni udongo uliochoka kwa kazi. Kuupima huo ni sawa na kumpima mtu kimo chake akiwa amelala. Ndiyo maana wazee wakaweka chungu, udongo upimwe umesimama." Wengi walitikisa vichwa kukubali, wakaona amesema.

"Binti," Mzee wa Kiti alimgeukia Sikitu, "kwa nini hukuleta wa chunguni kama wenzako?"

Sauti ya Sikitu ilitoka ndogo. "Mheshimiwa, mahindi yangu hayapandwi chunguni."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia.

"Sawa," alisema Mzee wa Kiti, na uso wake ukakaza. "Sheria iko wazi. Udongo ukiwa mgonjwa kweli, nyumba itapewa dawa, na mavuno yake mabaya hayahesabiwi. Ila nyumba hiyo haikai humu. Inakaa benchi la nje, hadi shamba lipone." Kila mtu aligeuka kutazama mlangoni. Benchi la nje lilikuwepo kweli, upande wa bonde, upepo unapopiga; kuku walikuwa wanatagia hapo. "Lakini kwanza tujue kama udongo huu ni wa shamba hilo, au binti huyu ameokota vumbi njiani ili afiche uvivu wake. Mwenye jina aje. Bi Ndelwa! Huu ni udongo wako?"

Bi Ndelwa aliinuka pole pole. Alikwenda mezani bila kumtazama mkwewe. Sekela aliona mgongo wa Sikitu, na aliona vidole vyake vimeshika kanga kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima. Semeni, aliyekuwa ameachwa benchini, alisema, "Bibi?"

Bi Ndelwa akaingiza vidole kibuyuni. Akausugua udongo katikati ya kidole gumba na cha shahada. Akatoa kipande kidogo cha mkaa, akakiweka kiganjani, akakitazama.

"Upande wa chini," alisema hatimaye, "mume wangu alichoma tanuri la mkaa mwaka tuliooana. Hadi leo jembe likipita linatoa vipande hivi." Akakifumbata. "Ni wangu. Mkwe wangu si mwongo. Wala si mvivu. Mimi nimelima hapo miaka hamsini kabla yake, na nilijua. Kila mwaka nilijua, nikaenda kukifuta chungu."

Aliweka kile kipande cha mkaa mezani, mbele ya Mzee wa Kiti, akamshika Semeni mkono, akatoka nje. Waliomo ndani wakasikia kuku wakifukuzwa. Kisha sauti yake ikaja kupitia mlangoni, kavu, ya kila siku:

"Njoo tukae, mama Semeni. Huku kuna upepo, lakini angalau mtu anapumua."

*

Ghala likafunguliwa, kwa kuwa sheria ni sheria. Chokaa ya kwenye mlango ilikuwa laini, ile ya Idara ya Weupe. Ya nyuma ilikuwa imegandamana kwa miaka mingi, ikabidi ivunjwe kwa nyundo na kutwangwa kwenye kinu. Wanawake watatu walifanya kazi hiyo siku mbili, wakawa weupe hadi kope, na Semeni akawacheka kwa mara ya kwanza tangu Sekela afike.

"Hii haiulishi udongo," Sekela aliwaeleza wakiimwaga na kuichanganya kwa jembe. "Inaufungua kinywa tu. Chakula ni samadi, na hiyo iletwe huku kila siku. Mvua ikishuka, subirini majuma matatu, mpime tena kabla ya kupanda."

"Na tukipima tukakuta bado?" Sikitu aliuliza.

"Mtajua bado kiasi gani. Si kama zamani."

Bi Ndelwa alikwenda nyumbani, na waliposikia kishindo walitoka mbio, wakamkuta anakivingirisha chungu chake, kinywa amekifunga kwa mkeka, kwenye njia, peke yake, kilemba kimemtoka. Wakamsaidia kukifikisha shambani. Akakiinamisha mwanzoni mwa tuta la kwanza, akaanza kutawanya ule udongo mweusi kwa mikono, akirudi kinyumenyume, kwa uangalifu, hadi ukaisha.

Akainuka, akaupima kwa macho ule weusi ulipofika. Akautembea. Zilikuwa hatua nane.

"Miaka sitini," alisema. "Hatua nane." Akakaa juu ya chungu kitupu, na wale wawili wakamwacha akae.

Mjini hakuna aliyewasalimia kwa moyo. Waliulizwa "Linang'aa?" na hakuna aliyengoja jibu. Jioni ya siku ya tano walikuwa benchi la nje, kama sheria ilivyotaka nyumba yenye ugonjwa ioneshwe kila jioni hadi jua lizame. Sekela alikuwa nao, kwa hiari yake, ananyonyesha. Kesho yake alikuwa anaondoka. Ndipo Mpimaji Mkuu Kihombo alipokuja kwa kuzunguka ukuta wa nyuma, njia ambayo mtu mwenye cheo chake haipiti, ameweka mkono mfukoni.

"Linang'aa?" alisema, kisha akaona haya. "Yaani, hamjambo?"

"Hatujambo, baba," alijibu Sikitu. "Karibu."

Hakukaa. Akatoa leso iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na udongo mkavu, wa rangi ya ganda la ndizi. Akatoa kichupa cha maji, kikombe chake, na kikaratasi kimoja cha njano.

"Ni wa rafiki yangu," alisema. "Ana chungu kizuri sana, kinasifiwa. Lakini watoto wake... Ameniomba niupime. Pale ukumbini haiwezekani. Nyumbani mke wangu, yaani mke wake, atauliza maswali. Nikaona hapa."

Hakuna aliyemcheka. Aliketi kwa kuchuchumaa mbele yao, akatia, akakoroga kwa idadi ileile, akachovya. Wote watano waliinama kutazama, hata Semeni. Rangi ilipanda polepole: chungwa, kisha wekundu.

Kihombo alikishika kikaratasi kile muda mrefu, mpaka kikakauka kwa upepo. Midomo yake ilikuwa inafanya hesabu, au sala.

Bi Ndelwa akajisogeza kwenye benchi, akapapasa ubao pembeni yake kuondoa manyoya ya kuku.

"Mwambie rafiki yako," alisema, "nafasi ipo."